Katoni ya Kwanza

Kikombe tulichokiacha mdomoni mwa Bwana Ulimi kilirudi mezani kitupu.

Alikuwa ameinywa chai yote. Akapangusa masharubu, akamgeukia mkewe, akasema maneno yale yale aliyoyasema kila jioni kwa miaka thelathini na mbili:

"Mama watoto, chai ya leo imekolea."

Sahani aliyokuwa akiifuta mkewe ilimponyoka, ikavunjika vipande viwili.

Wewe uliyekosa gazeti la wiki iliyopita, nikupe habari kwa neno moja. Ndani ya kikombe kile hamkuwa na sukari hata punje. Mlikuwa na chumvi, vijiko vitatu vya kufurika, na aliyeitia ni mke mwenyewe, kwa makusudi.

Na mume huyo ndiye mwonjaji mkuu wa kiwanda cha sharubati! Miaka ishirini na sita hakuna chupa iliyotoka getini bila sahihi yake, na hakuna hata moja iliyorudishwa. Watu walikwisha sahau jina alilopewa na wazazi. Kiwandani, sokoni, hata msibani, aliitwa Bwana Ulimi.

"Bilauri zitaisha humu ndani kabla ya tamasha," mkwe wake akatania, akiinama kuokota vipande.

"Hiyo ni sahani," Kitinda akamwambia mumewe. "Na wewe ndiye uliyepewa kazi ya kufunga vyombo. Ole wetu."

Ilikuwa Alhamisi jioni. Kesho kutwa, Jumamosi saa nne asubuhi, lingefunguliwa Tamasha la Vyakula na Vinywaji la jimbo, na Jaji Mkuu wa meza ya vinywaji alikuwa nani kama si Bwana Ulimi? Kwa hiyo binti yake wa mwisho, Kitinda, alikuja na mumewe kupanga safari. Mkwe alikuwa amechora uwanja kwenye karatasi kubwa, na alitumia vifuniko vya chupa kuwa mahema.

"Hapa ndipo jukwaa la majaji. Baba atakaa hapa. Sisi hapa, kivulini. Na hapa vyoo."

"Usituweke karibu na vyoo, bwana!"

"Meza za vinywaji ziko kumi na nane, mke wangu. Ukifika ya kumi utanishukuru."

"Baba, utavaa koti lipi?" Kitinda akauliza.

"La harusi yako."

"Linakubana tumbo."

"Nitavuta pumzi mpaka Jumapili."

Wote wakacheka, isipokuwa mtu mmoja.

"Baba watoto," mkewe akasema kutoka mlangoni, "njoo unishushie sufuria."

Sufuria ile alikuwa akiishusha mwenyewe kila siku. Bwana Ulimi alilijua hilo. Aliinuka kama mtu aliyeitwa kizimbani.

Mlango wa jikoni ukafungwa.

Mkewe alikuwa amepanga vikopo viwili juu ya meza, bila vifuniko. "Kimoja sukari, kimoja chumvi. Nionyeshe kipi ni kipi. Kwa ulimi, si kwa macho. Fumba."

Alifumba. Akaonja cha kwanza, akaonja cha pili. Jasho likamtoka kwenye paji la uso.

"Cha kulia ni sukari."

"Fumbua."

Akafumbua. Vikopo vyote viwili vilikuwa vya chumvi.

Kicheko cha Kitinda kilisikika kutoka sebuleni kama kinatoka nyumba ya jirani.

"Tangu yale mafua?" mkewe akauliza taratibu.

"Siku arobaini na moja."

"Umezihesabu."

"Mwenye msiba huhesabu."

"Pua nayo?"

"Pua ndiyo iliyotangulia. Ulimi uliifuata siku ya pili. Nikila wali nasikia kama natafuna gazeti."

"Na kazini unafanyaje, baba watoto? Huko unaonja kwa kutumia nini?"

Bwana Ulimi akatazama vidole vya miguu yake. "Namtumia Kalamu."

Kalamu ni msaidizi wake, binti mwenye akili nyepesi, aliyeitwa hivyo kwa sababu ndiye anayeandika hukumu za mkuu wake kwenye fomu. "Nimemwambia aonje yeye kwanza, eti namfundisha. Kinywaji kikiwa kibaya, nyusi yake ya kushoto hupanda. Kikiwa kizuri, hutulia. Mimi naisoma nyusi, natamka, yeye anaandika."

"Kumbe siku hizi unaonja nyusi!"

Kicheko kilimtoka yule mama, kikakatika katikati. Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Waambie. Kesho asubuhi, waambie."

"Bado miezi mitatu nistaafu. Na Jumamosi jimbo zima litaniangalia. Nikisema leo, nitakuwa nani? Mtu anayeitwa Ulimi, asiye na ulimi? Watoto wa mtaani watanitungia wimbo kabla ya jua kuzama."

"Mimi niliolewa na wewe kabla hujaitwa Ulimi. Sikuona pengo."

"Nakuomba, mama watoto. Jumapili ikipita nitasema mwenyewe. Naapa."

Mkewe akavifunika vile vikopo, kimoja baada ya kingine.

"Basi nitakuwa ulimi wako mimi."

"Wewe?"

"Kila kinywaji wanachowapa majaji, watu wa mbele nao humiminiwa, si ndivyo? Nitakaa mbele. Kikiwa kizuri, natupa mtandio begani. Kikiwa kibaya, nafunika mdomo nao. Na nikionja kitu cha hatari, nasimama wima."

"Kuonja ni kazi, mke wangu. Mimi nilijifunza miaka."

"Na mimi nimekupikia miaka thelathini na mbili. Ulidhani chumvi nilikuwa naikadiria kwa macho?"

Akafungua mlango. Mpango ukawa umekamilika. Ndugu msomaji, uzishike ishara zile tatu, na hasa ile ya tatu.

Sebuleni mkwe alikuwa amefika kwenye orodha ya mizigo. Turubai moja, viti sita, mto wa mgongo wa mama, dawa ya mbu, kisu cha kukatia matunda. Alipojinyoosha mguu ukagonga kitu chini ya meza.

"Na hii? Katoni ya chupa kumi na mbili! Namba mia nne kumi na saba. Tufungue moja, baba, tusafishe koo?"

"Weka chini!" Bwana Ulimi akasema kwa ukali uliowashtua wote.

Akalainisha sauti. "Hiyo ni katoni ya kwanza, mkwe wangu. Kila mkupuo wa tamasha, yaani sharubati ya tangi moja, katoni ya kwanza kutoka kwenye bomba hupewa mwonjaji. Haifunguliwi ila kwenye uwanja wenyewe, mbele ya familia yake. Ni heshima. Sijaivunja miaka ishirini na sita."

"Samahani, baba." Mkwe akairudisha, kisha akainama tena. "Lakini chupa moja inavuja. Pembe ya boksi imelowa. Na tazama, rangi ya sakafu imebabuka hapa. Imekuwa nyeupe kabisa."

Sakafu ilikuwa ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu na kusuguliwa kwa nta kila Jumamosi. Chini ya katoni palikuwa na baka jeupe, ukubwa wa kiganja.

"Maji ya kudekia hayo," Bwana Ulimi akasema. Akaisogeza katoni kwa mguu, ikalifunika lile baka.

Usiku ule alilala usingizi mzuri. Aibu yake ilikuwa imepata mwenzi wa kuibeba. Lakini mzigo uliopata wabebaji wawili haujawa mwepesi; umegawanywa tu.

*

Ijumaa asubuhi geti la kiwanda lilikuwa limepambwa kama mlango wa bibi harusi. Lori la tamasha lilikuwa limeondoka alfajiri, limevishwa vitambaa vya rangi mbele na nyuma, na vilivyobaki walivitundika juu ya geti. Chini ya vitambaa hivyo alisimama mtu mmoja, amevaa buti za mpira, akifoka peke yake.

"Mwenzangu, afadhali umekuja! Kiwanda hiki kina wezi!"

Huyo ni Bomba, mwosha matangi, aliyeingia kazini mwaka mmoja na Bwana Ulimi.

"Umeibiwa nini?"

"Kitambaa changu chekundu."

Bwana Ulimi akacheka. "Kitambaa! Nitakununulia kipya tukitoka."

"Usicheke. Kitambaa kile si cha kufutia jasho. Unajua ninavyofanya kazi. Tangi nikilitia ile dawa kali ya kuoshea, nafunga kitambaa chekundu kwenye koki. Kitambaa kikiwepo, mtu asiguse, mna moto humo. Nikishasuuza mara tatu, nakifungua. Koki bila kitambaa, tangi safi, jaza. Mtoto wa darasa la kwanza anajua."

"Sasa?"

"Jumatatu jioni nimetia dawa tangi la nne. Ndoo mbili nzima, kwa sababu lilikuwa na ukoko chini. Nikafunga kitambaa, nikaiacha dawa iloweke. Mara simu inalia: dada yangu kalazwa hospitali. Nikakimbia. Sikumwambia mtu. Nimwambie nani, na kitambaa ndicho barua yangu? Nimerudi leo, sikioni!"

"Labda mtu alilisuuza kwa niaba yako."

"Nani? Nimewauliza wote. Kila mmoja anasema alilikuta halina kitambaa."

Upepo ukapiga. Vitambaa vya geti vikapepea juu ya vichwa vyao: cha kijani, cha bluu, cheupe. Halafu chekundu.

Bomba akainua macho. Mdomo ukabaki wazi.

"Pindo la njano," akasema polepole. "Lile pindo alilishona mke wangu kwa mkono wake. Mwenzangu, kile pale ni changu."

Vijana wa kufunga mizigo walikuwa wamezunguka kiwanda kizima asubuhi ya Jumanne, wakikusanya kila kitambaa chenye rangi ili kulipamba lori. Walichukua cha jikoni, walichukua cha ofisini. Na walipita kwenye matangi.

"Bomba," Bwana Ulimi akauliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine, "tangi la nne lilijazwa lini?"

"Wanasema Jumanne mchana. Zabibu nyekundu. Mkupuo wa tamasha."

"Namba?"

Bomba hakuwa na haja ya kuitafuta. Ilikuwa imechapwa kwenye kila boksi lililopanda lori.

"Mia nne kumi na saba."

*

Alitembea hatua mia mbili mpaka chumba cha kuonjea, na kila hatua alijiambia neno moja: tulionja, tulionja, tulionja.

Ni kweli walionja. Alikumbuka vizuri. Kalamu alitia kijiko kinywani, na nyusi yake ya kushoto ilitulia tuli kama mstari wa rula. Dawa ile ina ladha ya sabuni inayokata ulimi. Ingekuwemo, nyusi ingepanda mpaka kwenye nywele. Kwa hiyo haikuwemo. Kwa hiyo kuna mtu aliyesuuza. Kwa hiyo...

Kalamu alikuwa akipanga vikombe vyeusi kwenye rafu. Katika chumba kile hakuna bilauri nyeupe. Bwana Ulimi mwenyewe ndiye aliyeleta vikombe vyeusi miaka mingi nyuma, akasema jicho ni mwongo, huudanganya ulimi. Mwonjaji wa kweli haioni rangi. Jambo hilo lilimpa sifa kubwa.

"Binti, ile mia nne kumi na saba ilikuwaje?"

"Safi, mzee wangu. Wewe ndiye uliyesema safi."

"Sikuulizi nilichosema. Nakuuliza ulichoonja."

Kikombe kikatulia mkononi mwa Kalamu.

"Kwani kuna nini?"

"Jibu!"

Yule binti akaketi juu ya kreti. Machozi yakaanza kumtiririka.

"Nisamehe, mzee wangu. Mafua yako uliyaniachia. Ulipiga chafya juu ya fomu, unakumbuka? Baada ya siku nne pua yangu ikazimika, na ulimi nao. Mkataba wangu unaisha mwezi huu. Ningesema wangechukua mwingine."

"Zimerudi?"

"Hazijarudi. Wiki tano sasa."

Bwana Ulimi akashika ukingo wa meza. "Lakini nyusi yako... Ulikuwa unajuaje kizuri na kibaya?"

"Kijiko nilikuwa nakitia kikavu, huku nakutazama wewe."

"Mimi?"

"Masharubu yako, mzee wangu. Kinywaji kikiwa kibaya huwa yanacheza kidogo. Ya Jumanne hayakucheza, ndipo na mimi nikatulia."

Bwana Ulimi akapeleka mkono kwenye masharubu yake kana kwamba ni ya mtu mwingine.

Yeye alimtazama binti. Binti alimtazama yeye. Kati yao kilikuwepo kikombe cheusi, na hakuna aliyekionja. Vipofu wawili walikuwa wamevushana barabara, kila mmoja akishukuru kwamba mwenzake anaona.

Na mashine ya kupimia? Iliharibika mwezi uliopita. Meneja alisema haina haraka. Mwenye Bwana Ulimi ana haja gani na mashine?

"Leta chupa ya ushahidi," akaamuru.

Kila mkupuo huachwa chupa moja kabatini, imefungwa kwa lakiri na sahihi ya mwonjaji. Kalamu akaileta ya mia nne kumi na saba. Ilikuwa chupa nyeusi kama zote.

"Sasa tafuta bilauri. Inayoonyesha ndani. Kaombe hata kwa mpishi."

Bilauri ikaja. Bwana Ulimi akavunja lakiri kwa ukucha, akamimina.

Zabibu nyekundu hutoka nyekundu. Mtoto anajua. Kilichojaza bilauri ile kilikuwa cha bluu iliyochafuka, kama maji yaliyosuuziwa chupa ya wino.

Jicho, lile jicho mwongo, lingeliona hilo tangu Jumanne.

Akachovya vidole viwili, akavisugua. Viliteleza kama vimepakwa sabuni, na baada ya muda mfupi vikaanza kuwasha.

"Usiweke mdomoni!" Kalamu akapiga kelele, akamdaka mkono.

"Siweki." Akaitazama ile lakiri iliyovunjika, yenye sahihi yake. "Binti, chupa ya ushahidi huchukuliwa wapi?"

"Katikati ya tangi. Nusu ikishatoka."

"Na dawa iliyobaki, hukaa wapi?"

"Hukaa chini, mzee wangu. Kwenye koki ya kutolea."

"Kwa hiyo hii ni ile nafuu."

Hapo hapo likamrudia baka jeupe chini ya meza yake. Si maji ya kudekia. Kilichoanza kutoka kwenye koki kilikuwa kikali kuliko vyote, na kilichotoka kwanza, kwa heshima, alipewa mwonjaji. Akajipa moyo: katoni haifunguliwi kabla ya kesho; lori kwanza.

*

Meneja alikuwa amevaa tai mpya ya tamasha. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kupepesa macho, huku Kalamu na Bomba wamesimama mlangoni.

"Funga mlango," akasema.

Hakuna aliyeufunga.

"Mzee, tuongee kama watu wazima. Lori limejaa, linatambaa; halifiki kabla ya saa tano. Mimi nitawaambia vijana wasigawe, jioni tutabadilisha mzigo polepole, na hakuna atakayejua. Sio lazima kelele."

"Na wasiposikia? Mtu mmoja akifungua chupa moja njiani?"

"Na wewe ukipiga kelele, utawaambia nini watu?" Meneja akatoa fomu kwenye faili, akaigonga kwa kidole. "Hii sahihi ya nani? Utasimama mbele ya jimbo zima useme Bwana Ulimi hana ulimi? Miezi mitatu kabla ya kustaafu? Mimi nakuhurumia. Fikiria jina lako, mzee."

Kwa siku arobaini na mbili Bwana Ulimi hakuwa amefikiria kitu kingine.

Akaichukua ile fomu mezani. Akachomoa kalamu ya wino kwenye mfuko wa Kalamu. Akaikata sahihi yake kwa mstari mmoja, na chini yake akaandika kwa herufi kubwa, akizisoma kwa sauti alipokuwa anaandika:

"Sikuonja. Siwezi kuonja. Kinywaji hiki ni sumu."

Akaibandika fomu kifuani mwa Meneja, juu ya ile tai.

"Sasa mpigie dereva, au nampigia mimi."

Meneja akapiga. Alikosea namba mara mbili. Ilikuwa simu ya mezani, ile yenye kipaza sauti, na chumba kizima kikasikia ikiita. Mara tatu. Mara nne. Mara saba.

"Haloo! Nani tena?"

"Mko wapi?"

"Hatujafika, bosi. Tumepata pancha hapa njiani. Tunabadilisha tairi."

"Mmefungua boksi?"

"La, bosi! Turubai liko kama mlivyolifunga. Kuna nini?"

"Geuza gari. Usimpe mtu hata tone. Geuza!"

Bomba akapiga makofi mara moja, kwa nguvu. Kalamu akaegemea ukuta, akateleza mpaka chini. Pancha! Nani aliwahi kusikia watu wakishangilia pancha? Hata Meneja alilegeza tai, akapumua.

Ni Bwana Ulimi peke yake ambaye hakupumua.

"Bado moja," akasema. "Katoni ya kwanza."

Akanyakua simu, akabonyeza namba ya binti yake. Jana usiku walikubaliana kwamba Kitinda na mumewe watatangulia Ijumaa asubuhi kushika nafasi ya kivuli. Mizigo yote walipakia wao. Turubai, viti sita, mto wa mgongo. Na katoni.

Simu ikaita. Kelele za nyundo na watu wanaojenga mahema zikajaa chumba.

"Baba! Tumefika! Tumepata kivuli kizuri, mbali kabisa na vyoo!"

"Katoni iko wapi?"

"Hii hapa, tumeshusha sasa hivi. Usiwe na wasiwasi, ile chupa iliyovuja tumeitupa."

"Kitinda, nisikilize. Msinywe. Ina sumu ya kuoshea matangi."

"Baba, acha utani. Si wewe uliyeionja?"

Koridoni watu walikuwa wamejaa. Wapishi, makarani, vijana waliokusanya vitambaa. Wote walimtazama mtu waliyemwita Ulimi tangu walipoajiriwa.

"Sikuionja, mwanangu." Sauti yake ikapanda mpaka ikasikika getini. "Baba yako hana ulimi! Sina ladha, sina harufu, siku arobaini na mbili leo! Nimewadanganya watu wote! Niambie hamjanywa!"

Nyundo upande wa pili zikaendelea kugonga. Kisha Kitinda akasema kwa sauti iliyopungua:

"Mimi sijanywa, Baba. Mume wangu naye hajanywa. Mama ametukataza."

Pumzi ikamtoka Bwana Ulimi kwa kishindo. "Mungu ambariki mama yako. Amekupigia saa ngapi?"

"Anipigie kwa nini, na tuko naye hapa?"

"Yuko... wapi?"

"Alipanda gari nasi ulipotoka tu kwenda kazini. Alisema tusikwambie, eti ni siri yenu wawili. Akasema asiguse mtu chupa mpaka aonje yeye kwanza. Anataka kujifunza kabla ya kesho."

"Mpe simu. Kitinda, mpe simu mama yako!"

Ikasikika miguu kwenye nyasi. Ikasikika sauti ya mkwe ikiita kutoka mbali: mama, mama. Halafu kitu cha kioo kikaanguka.

"Hawezi kuongea, Baba." Kitinda alikuwa analia sasa. "Sijui ana nini. Ametupa bilauri. Amefunika mdomo kwa mtandio. Nimemwambia aketi, hataki kuketi, ananionyesha simu kwa kidole..."

"Anafanya nini? Niambie anafanya nini!"

"Amesimama, Baba. Amesimama wima."